Mtoto mwenye SS (selimundu): je, mdogo wake anaweza kumponya?

Usiku wa baridi ya mwezi wa saba, mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alituletea mwanawe: macho ya njano, vidole vimevimba hadi ngozi inang'aa. Alipopata nafuu, mama akaanza kuuliza.

Nasikia kuna mtoto aliyezaliwa ili amponye dada yake. Ni kweli?

Kweli. Ni Adam Nash, aliyezaliwa Marekani mwaka 2000. Dada yake Molly alikuwa na anemia ya Fanconi, inayoharibu uboho, yaani mahali damu inapotengenezwa ndani ya mifupa. Alipewa damu ya kitovu cha Adam, ile ambayo kwa kawaida hutupwa pamoja na kondo la nyuma.

Wanamchaguaje?

Mayai ya mama na mbegu za baba hukutanishwa maabara. Siku ya 5 hivi, kila kiinitete, yaani mimba changa kabisa, hutolewa chembe chache zikapimwe: kina SS? Tishu zake zinalingana na za mgonjwa? Baba na mama wakiwa AS, yaani wamebeba selimundu bila kuugua, viinitete 3 kati ya 4 hukosa SS, lakini kinacholingana ni 1 tu kati ya 4. Vyenye sifa zote mbili, kwa wastani, ni 3 kati ya 16. Mama anaweza kuchomwa sindano za homoni, akatolewa mayai, na asipate hata kimoja. Kikipatikana, mimba nayo huenda isishike.

Sasa mimi nianzie wapi?

Kwa watoto ulio nao, mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi hiyohiyo ya kulingana na mgonjwa, 1 kati ya 4, na hata mwenye AS anaweza kutoa uboho. Inaniuma mtu akiuza kiwanja kufuata maabara ya mbali kabla hajawapima hao.

Huyo mtoto mpya si atakuwa dawa tu?

Hili aliliuliza kwa sauti ya chini. Damu ya kitovu haimuumizi mtoto. Lakini ikiwa haitoshi, atalazwa usingizi atobolewe mfupa wa nyonga ili atolewe uboho, na yeye bado hajui kukataa. Nilimuuliza: upandikizaji, yaani kumpa mgonjwa damu hiyo au uboho huo, ukishindikana, bado utamtaka? Akanyamaza, kisha akasema atamtaka. Kama ni hivyo, azae.

Na huyu mgonjwa, kwa sasa?

Asidi foliki, chandarua, maji mengi, sweta jioni. Muulize daktari kuhusu dawa ya haidroksiyurea. Akipata homa, mlete siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.