Kutweka tanga la kwanza kwenye mashua uliyoiunda mwenyewe

Wengi wanaoniletea vyombo walivyounda wenyewe wameshamaliza nguvu zote kwenye mbao. Rangi inang'aa, kalafati imeshika, lakini mlingoti umesimamishwa kwa kukisia na kamba ni zozote zilizopatikana. Mashua hiyo ikienda vibaya watalaumu kiunzi. Mara nyingi kiunzi hakina neno. Tanga ndilo halijakaa mahali pake.

Mimi hutweka tanga nchi kavu kwanza, siku ya upepo mwepesi, omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ikiukabili upepo. Hapo ndipo unapogundua kwamba jarari, kamba ya kutwekea tanga, inakwama kwenye kapi, na heri ugundue hapo. Ukiona mkunjo umekatiza tanga kutoka pembe ya juu ya mbele hadi pembe ya demani, ile ya chini nyuma, ukingo wa mbele umelegea: vuta pembe ya joshi, ile ya chini mbele, ishuke zaidi. Jarari anza kuifunga kwenye foromali, mti unaobeba tanga, kiasi cha theluthi moja kutoka ncha ya mbele, kisha usogeze kidogo kidogo. Usitumie nailoni kwa jarari. Inanyumbuka, jambo zuri kwa kamba ya nanga, lakini hapa ikibeba mzigo foromali itashuka na mkunjo utarudi. Poliesta inafaa zaidi.

Kiini cha yote ni mizani. Nguvu ya upepo kwenye tanga ina kitovu chake, na maji yanayozuia chombo kisiende ubavu nayo yana kitovu chao, chini ya maji. Cha tanga kikiwa nyuma mno, omo inang'ang'ania kugeukia upepo na utashinda kutwa ukipigana na kana, mpini wa msukani. Kikiwa mbele mno, omo inaukimbia upepo, na hilo silikubali kabisa: ukiponyokwa na kana, chombo kinazidi kukimbia badala ya kusimama. Ninachotaka ni kana inayonivuta kidogo, kama mtoto aliyekushika kidole. Ikivuta kwa nguvu, inamisha mlingoti mbele au sogeza tanga lote mbele. Hata sentimita chache huonekana. Ila usihukumu huku chombo kimelala ubavu, kwa sababu kulala kwenyewe huigeuza omo kuelekea upepo. Kaa upande wa joshi, unakotoka upepo, chombo kinyooke, ndipo uisikilize kana.

Kabla ya safari, kipindue kwa makusudi kwenye maji ya kifuani, uone kama kinaelea na kama unaweza kukiinua na kupanda tena. Lita moja ya hewa iliyofungiwa hubeba karibu kilo moja, kwa hiyo madumu matupu yaliyofungwa imara chini ya viti si mapambo. Makasia, upo wa kufulia maji na jaketi la kuokolea viwemo.

Siku ya kwanza nataka upepo usiozidi kilomita 15 kwa saa. Mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake kwenye tanga huwa mara nne. Uwe unavuma sambamba na ufuko, uende na kurudi bila kupiga bisha, yaani kupanda upepo kwa kwenda mshazari huku na huku. Upepo utokao nchi kavu unadanganya: ukingoni maji ni shwari, mbele kidogo umeshachukuliwa.

Demani, kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, usiifunge popote. Iwe mkononi, na dharuba ikija utaisikia kamba ikikaza vidoleni kabla chombo hakijalala. Iachie, tanga lipepee, chombo kitanyanyuka. Unapobisha, ingia na mwendo. Omo ikikwama katikati ya upepo, sukuma tanga nje kwa mkono upande mmoja na ulishikilie. Chombo kitarudi nyuma, omo itaangukia upande huohuo uliosukumia tanga, kisha vuta demani. Kumbuka tu kwamba kikirudi nyuma, msukani unafanya kazi kinyume.

Ukirudi, tia alama ya rangi kwenye foromali pale jarari ilipofungwa, kagua kila mahali kamba iliposuguana na mti, na gonga tena kabari za mlingoti.