Wachezaji wa Leith hawakununua kiwanja

Kwa mara nyingine nimeulizwa ile klabu ya gofu ya Edinburgh, inayohesabu umri wake tangu 1744, ilinunua kiwanja chake cha kwanza kwa bei gani, na kwa mara nyingine nimejibu kwamba haikununua chochote. Muulizaji huwa ameshajichorea akilini ukuta, lango, bawabu na matajiri waliowafungia wengine nje. Matajiri walikuwapo, sikatai. Ukuta ndio haukuwapo.

Uwanda wa Leith, bandari ya Edinburgh huko Uskoti, walikochezea wenye mashimo 5 tu, ulikuwa wa umma. Ushahidi umo katika kanuni 13 walizoziandika wachezaji wenyewe mwaka huo. Ya 10 inasema kwamba mpira ukizuiwa na mtu, farasi, mbwa au kitu kingine chochote, upigwe pale pale ulipo. Sasa ni nani angejisumbua kuwatungia kanuni farasi na mbwa ndani ya boma lake mwenyewe? Ya 13 inataja mashimo ya wanafunzi na mistari ya askari, yaani alama za watu wengine waliokuwa na haki ya kuwapo hapo, na kuagiza kwamba visihesabiwe kuwa vizuizi.

Baraza la jiji lilitoa fimbo ya fedha iwe tuzo, na aliyetaka kuishindania alijiandikisha kwa shilingi 5. Tarehe 2 Aprili 1744 walicheza watu 10, akashinda daktari mpasuaji John Rattray kwa mipigo 60 katika mizunguko miwili. Mshindi ndiye aliyekuwa nahodha na mwamuzi wa migogoro ya mchezo, kwa hiyo unahodha ulipatikana kwa fimbo, si kwa kura. Mimi mwenyewe husita kuuita mpango huo klabu, na kuwaita washindani hao wanachama. Nayatumia maneno hayo kwa kukosa mengine. Jengo lao la Leith lilianza kujengwa mwaka 1768. Walihamia uwanja wa Musselburgh 1836, na ule wa Muirfield 1891.

Wala hawakuwa kundi la watu wa siasa moja. Rattray aliufuata uasi wa Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyetaka kuirudishia familia yake kiti cha enzi cha Uingereza, akiwa mpasuaji wa jeshi lake, akakamatwa baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, na aliyemwombea asinyongwe alikuwa Duncan Forbes, jaji mkuu wa upande wa serikali, naye mcheza gofu. Mwaka 1751 Rattray aliishinda tena fimbo ya fedha.