Ada ya Chuo Kikuu Marekani: Nani Huhesabiwa Mkazi wa Jimbo?

Vyuo vikuu vya umma Marekani huendeshwa kwa sehemu na kodi za watu wa jimbo husika. Ndiyo maana mtoto wa mkazi hulipa ada nafuu, na anayetoka jimbo jingine hutozwa zaidi, hata akiwa raia wa Marekani. Katika Chuo Kikuu cha California, nyongeza ya wasio wakazi peke yake inazidi dola 30,000 kwa mwaka. Vyuo binafsi kwa kawaida havina ubaguzi huo.

Wazazi wengi hudhani kijana akipanga chumba karibu na chuo na kukaa mwaka mmoja, tayari ni mkazi. Sivyo. Majimbo mengi hudai miezi 12 kabla ya muhula kuanza, lakini aliyekuja kwa ajili ya masomo tu mwaka wake huwa haumsaidii. Tena kijana anayewategemea wazazi hufuata ukazi wao. Kule California, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliye chini ya miaka 24, hajaoa wala kuolewa, na wazazi wake si wakazi, kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha kwamba anajitegemea kifedha. Kwa hiyo familia inayohama isisubiri barua ya kukubaliwa chuoni ndipo ianze kushughulikia karatasi.

Na karatasi zenyewe husomwa pamoja na tarehe zake. Mkataba wa pango wa Agosti, leseni ya udereva iliyobadilishwa Machi, na fomu za kodi ya mapato zilizopelekwa jimbo la zamani: hapo mkaguzi ataona mtu ambaye bado hajahama. Badilisheni leseni na usajili wa gari mapema, na lipeni kodi ya mapato mnapoishi. Kadi ya mpiga kura nayo ni ushahidi, ila ni ya raia peke yao. Asiye raia asijiandikishe kamwe, kwani anaweza kuharibu kesi yake ya uhamiaji.

Mwenye grini kadi anaweza kuwa mkazi kama raia. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, kwa kawaida hawezi. Hata hivyo, sheria ya California ya mwaka 2001, AB 540, huwasamehe nyongeza ya wasio wakazi wengi waliosoma sekondari huko miaka mitatu na kuhitimu, hata wasio na karatasi za uhamiaji, ingawa wenye viza za muda kama F-1 kwa kawaida hawamo.

Mkikataliwa, kateni rufaa. Mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya Connecticut iliyomfungia mwanafunzi hadhi ya asiye mkazi kwa muda wote wa masomo. Lazima apewe nafasi ya kuonyesha kwamba sasa ni mkazi. Lakini hadhi haibadiliki yenyewe. Ombi hupelekwa ofisi ya msajili kabla ya tarehe ya mwisho ya muhula husika, na likichelewa, mara nyingi muhula huo hulipiwa ada ya asiye mkazi.