Sanaa ya zama hizi ni nini, na siasa huingilia wapi?

Neno "kisasa" limebeba mizigo miwili. Tunaliita la kisasa jambo lolote jipya, na tunaziita hivyo pia kazi za wachoraji waliokwishakufa, Picasso akiwamo. Wanahistoria wa sanaa hutenganisha. Kwao sanaa ya kisasa ni ile ya kuanzia takriban miaka ya 1860 hadi 1960 hivi. Iliyofuata, ambayo bado inafanywa, ni sanaa ya zama hizi. Mpaka wenyewe haukupigwa kwa rula.

Lakini tofauti si tarehe tu. Kazi ya zama hizi yaweza kuwa picha au sanamu, na yaweza kuwa tendo, swali, hata kundi la watu waliokusanyika uwanjani. Kwa hiyo hatuulizi tu kama inapendeza. Tunauliza imewekwa wapi, nani amelipa, nani ameruhusiwa kushiriki. Siasa huingilia hapo. Wengi hudhani sanaa ni ya kisiasa pale inapochora ngumi iliyokunjwa au sura ya mtawala. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu yake nyepesi.

Mwaka 1970, msanii Hans Haacke aliweka masanduku mawili ya kura, yanayoonyesha kilichomo, ndani ya jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Wageni waliulizwa: kwa kuwa Gavana Rockefeller wa jimbo la New York hajaipinga sera ya Rais Nixon kuhusu Indochina (vita vya Vietnam na nchi jirani), je, hiyo ni sababu ya kutompigia kura Novemba? Kura za "ndiyo" zilizidi za "hapana" zaidi ya mara mbili. Uzito wa swali ulitokana na mahali lilipoulizwa: Rockefeller alikuwa mdhamini wa jumba hilohilo, na mama yake ni mmoja wa waanzilishi wake. Ukiyahamishia masanduku hayo mtaani, yanakuwa kura ya maoni ya kawaida.

Swali la nani analipa halijaisha. Kuanzia 2018, mpigapicha Nan Goldin, aliyewahi kuwa mraibu wa dawa ya maumivu iliyoitajirisha familia ya Sackler, aliongoza maandamano ndani ya majumba yaliyopokea fedha zao. Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, liliondoa jina hilo kwenye kuta zake mwaka 2019.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito: kazi nyingi zinazowakemea matajiri huishia kununuliwa na matajiri haohao. Ni kweli. Ndiyo maana mfano ninaourudia kila mara ni ule usiouzika.

Tarehe 21 Septemba 1983, Argentina ikiwa bado chini ya utawala wa kijeshi, wasanii watatu walifika uwanja wa Plaza de Mayo jijini Buenos Aires na karatasi na rangi, siku ya maandamano ya akina mama waliokuwa wakiwadai watoto wao waliochukuliwa na utawala huo na kupotezwa. Mashirika ya haki za binadamu huhesabu waliopotezwa kuwa 30,000. Wapita njia walilala juu ya karatasi, wakachorwa mzingo wa miili yao. Aliye hai alimwazima umbo lake asiyejulikana alipo. Hata wajawazito na watoto wachanga walichorwa, kwa sababu nao walichukuliwa.

Akina mama walikuwa na sharti moja: maumbo yasilazwe chini, yabandikwe ukutani yakiwa yamesimama, mtu asije akayasoma kama maiti. Walitaka warudishiwe watu wao wakiwa hai. Wasanii walikuwa wamepanga maumbo yote yafanane, bila jina. Watu hawakukubali. Walichukua kalamu, wakaandika jina la ndugu yao na tarehe aliyochukuliwa.