Leseni ya televisheni binafsi ya kitaifa hutolewaje?

Televisheni binafsi ya kitaifa ni kituo kisichomilikiwa na serikali ambacho kimeruhusiwa kurusha matangazo nchi nzima. Uzito uko kwenye kuruhusiwa. Mwenye gazeti akichapa nakala zake hamzuii mwingine kuchapa zake, lakini vituo viwili vikirusha kwenye masafa yaleyale, yaani njia ileile ya mawimbi ya hewani, katika eneo moja, matangazo ya vyote viwili yanaharibika. Masafa ni haba, na kwa sheria za nchi nyingi ni mali ya umma. Anayeyapata huyatumia kwa miaka kadhaa iliyotajwa kwenye leseni, kisha huomba upya.

Mdhibiti, yaani chombo kinachosimamia utangazaji, hutangaza nafasi, na waombaji huwasilisha maombi yanayoeleza wamiliki ni akina nani, mtaji unatoka wapi, vipindi vitakuwa vya aina gani. Ugumu ni kuchagua. Akipima sifa peke yake, lawama za upendeleo hazikosekani, kwa kuwa ubora wa vipindi haupimwi kwa rula. Akipiga mnada, hesabu inaonekana na kila mtu, ila kituo kilichojibebesha ada kubwa kitabana matumizi, na habari za uchunguzi, ambazo ni ghali, zina hatari ya kuwa za kwanza kukatwa.

Uingereza ilijaribu kuchanganya njia zote mbili: uvuke kwanza kiwango cha ubora, ndipo dau lako lihesabiwe. Nafasi ya kituo cha Channel 5 ilipotangazwa mara ya kwanza, alijitokeza mwombaji mmoja tu, na mwaka 1992 akakataliwa. Mwaka 1995 walikuja wanne. Dau kubwa kuliko yote, zaidi ya pauni milioni 36 kwa mwaka, lilienguliwa kwa sababu ya ubora wa vipindi. Waliofuata walikuwa wawili, na wote walikuwa wameandika kiasi kilekile: pauni 22,002,000! Mmoja wao naye akakwama kwenye ubora. Aliyebaki alianza kurusha matangazo tarehe 30 Machi 1997.

Leseni huja na masharti yake: saa za vipindi vya ndani, dakika za matangazo ya biashara, kiasi cha hisa ambacho mtu mmoja anaweza kumiliki. Kwangu mimi sharti la umiliki ndilo la kukaguliwa mara kwa mara, maana hisa hubadilisha mikono kimyakimya.

Mfumo wa dijitali umelegeza uhaba, kwani masafa yaliyobeba chaneli moja ya analojia sasa hubeba kadhaa. Nchi nyingi zimetenganisha leseni mbili: ya maudhui, kwa anayeandaa vipindi, na ya kusambaza mawimbi, kwa mwenye mitambo. Kwa hiyo mtu anaweza kushika leseni halali ya maudhui na bado asionekane popote, kwa kuwa hajaelewana na msambazaji kuhusu malipo.