Kwa nini mmea hufa kwenye chumba chenye mwanga wa kutosha?

Anayetafuta mmea wa sebuleni au wa mezani ofisini hutazama kwanza kama chumba kina mwanga. Kitabu kinasomeka vizuri hata kule pembeni, basi mmea unanunuliwa. Miezi kadhaa baadaye majani ya chini yanageuka manjano na kupukutika. Lawama huangukia maji au mbolea, ilhali mara nyingi kosa lilianzia kwenye kipimo chenyewe, yaani jicho.

Jicho hufidia mwanga unaokosekana. Penye mwanga hafifu mboni hupanuka, kutoka kipenyo cha milimita 2 hivi juani hadi kufikia 8 gizani, na retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaohisi mwanga, nayo huzidisha wepesi wake wa kuhisi. Ndiyo maana ukitoka juani na kuingia ndani, giza unalolikuta hutoweka baada ya muda mfupi ingawa chumba hakijabadilika hata kidogo. Jua kali la mchana hutoa mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Meza ya ofisi yenye taa nzuri hupata kati ya 300 na 500. Hiyo ni tofauti ya mara 200 au zaidi, na jicho huifuta karibu yote bila sisi kujua. Hata siku ya mawingu ya kawaida, nje kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ule wa mezani. (Luksi yenyewe ni kipimo kilichotungwa kufuata jicho la binadamu, kwa hiyo kwa mimea hutupa makadirio tu.)

Jani halina namna ya kufidia hivyo. Katika mwanga hafifu, sukari linayotengeneza hupungua sambamba na mwanga unaolifikia. Hapo mmea huwa kama kaya. Sukari ndiyo kipato, na upumuaji, yaani kutumia sukari hiyo ili kuishi, ndio matumizi ya kila siku, usiku na mchana. Kipato kikizidi matumizi, majani mapya huchipuka. Vikilingana, kaya haifi njaa, lakini haijengi chochote. Kipato kikipungua zaidi, inaanza kuuza samani: mmea hunyonya virutubisho kutoka majani ya zamani na kuyaacha yaanguke. Sasa fikiria ofisi isiyo na dirisha, ambayo taa zake huzimwa jioni na mwisho wa juma. Kipato huja siku tano, matumizi ni ya siku saba. Mmea wenye akiba unaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo hufa polepole kiasi kwamba hakuna anayekumbuka ulianza lini.

Kwa hiyo pembeni mwa chumba chagua mmea wenye matumizi madogo na akiba kubwa. Zamioculcas zamiifolia, mmea wa asili ya Afrika ya Mashariki na Kusini, huweka maji kwenye shina nene lililo chini ya udongo. Dracaena trifasciata, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga, huyaweka ndani ya majani yenyewe. Mimea yenye mabaka meupe isogezwe dirishani, maana sehemu nyeupe haina klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, na haichangii sukari. Ficus benjamina nao hujulikana kwa kumwaga majani unapohamishwa ghafla kutoka penye mwanga mwingi, hata ukiwa na afya njema.

Kupima mahali si kazi ngumu. Mchana, weka karatasi nyeupe pale chungu kitakapokaa, kisha nyosha mkono juu yake kiasi cha sentimita 30. Kivuli chenye kingo kali maana yake mwanga ni mwingi. Kivuli kisipoonekana kabisa, ni mimea michache itakayokua hapo. Kisha shusha kichwa hadi usawa wa majani utazame dirishani. Usipoliona anga, mwanga ni mdogo, hata kama dirisha liko hatua mbili tu.

Mmea ulio penye mwanga mdogo pia hunywa maji kidogo. Ukimwagiliwa sawa na ule wa dirishani, udongo hubaki umelowa, nafasi za hewa hujaa maji, na mizizi huoza kwa kukosa oksijeni. Ingiza kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia. Kwa mimea hiyo miwili inayohifadhi maji, subiri hadi udongo ukauke kabisa.