Mchakato wa nyuma ni nini, na ni lini unaichelewesha AutoCAD

Katika ofisi za wasanifu majengo na wapima ardhi hapa Lubumbashi, kila AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya kiufundi, inapokawia kufungua mchoro au kishale kinapoganda katikati ya mstari, maelezo yanayotolewa ni yale yale: “kuna programu zinatembea nyuma, zinakula mashine.” Kisha mtu anabonyeza Ctrl, Shift na Esc, anafungua Gestionnaire des tâches, dirisha la Windows la kusimamia programu zinazotembea, anakuta orodha ndefu ya majina asiyoyajua, na anaanza kuyafunga moja baada ya jingine hadi anafunga huduma ambayo Windows yenyewe inaitegemea. Usemi huo umerudiwa mno, hata na wanafunzi wa Polytechnique (kitivo cha uhandisi) wanaokuja ofisini kwa mafunzo ya kazi, na madhara yake ni ya kweli, kwa sababu watu wanafunga visivyowasumbua na kuviacha vile vinavyowachelewesha.

Maana yenyewe ni fupi. Programu ni faili zilizolala kwenye diski. Mchakato ni programu hiyo ikiwa kazini, pamoja na sehemu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) iliyopewa na zamu zake kwenye prosesa, yaani kifaa kinachofanya hesabu zote. Mchakato wa mbele humhudumia mtu aliyeketi mbele ya skrini, na wa nyuma huendelea na kazi yake bila kumngoja mtu huyo.

Kinachosahauliwa ni kwamba mgawanyo huo ulianza kama suala la zamu. Mnamo Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ukiendeshwa kwenye kompyuta ya IBM 709, ambao uliwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo, mtu alipeleka kazi yake ikiwa imetobolewa kwenye kadi, ikapangwa pamoja na za wenzake, naye akasubiri majibu kwa saa nyingi. CTSS haikuzifuta kazi hizo za mafungu, bali iliziweka nyuma: waliokuwa wameketi kwenye vifaa vyao walihudumiwa kwanza, na muda uliobaki walipokuwa wakifikiri au wakiandika ulipewa mafungu. Mwenye kazi ya nyuma alijulikana, kazi yake ilikuwa halali, na kilichoitofautisha na nyingine ni daraja lake katika foleni ya prosesa.

Windows tunayoitumia leo imeushika utaratibu huo. Katika mpangilio wake wa kawaida, programu yenye dirisha la mbele hupewa kipande cha muda kirefu zaidi kwenye prosesa kuliko zilizo nyuma, na tangu Windows Vista kazi kama ile ya kuorodhesha faili kwa ajili ya utafutaji zinaweza kuomba diski kwa kipaumbele cha chini, ili zisimsumbue anayechora. Kwa hiyo mchakato wa nyuma ulioandikwa vizuri ndio unaompisha mchoraji, na wingi wa majina katika ile orodha haumaanishi chochote: mengi kati yake yamelala, na mchakato uliolala hautumii hata zamu moja ya prosesa.

Hapo linakuja kosa jingine linalofuatana na la kwanza, nalo ni la kusoma asilimia. Sehemu kubwa ya kazi za AutoCAD hufanywa na uzi mmoja tu wa prosesa, yaani njia moja kati ya zile inazofanyia kazi kwa pamoja, hata kama prosesa hiyo ina nyuzi nane. Uzi mmoja kati ya nane ukijaa kabisa, mashine nzima huonyesha takriban asilimia 12 au 13, na mtu anasema: “Prosesa imepumzika, basi lazima kuna kitu nyuma.” Hali halisi ni kwamba uzi ambao mchoro unautegemea umefika kikomo chake, na kufunga michakato ishirini iliyokuwa kwenye nyuzi nyingine, au iliyokuwa imelala, hakuongezi chochote. Ndiyo maana prosesa yenye viini (sehemu zake zinazofanya kazi) vichache lakini vyenye kasi kubwa inaweza kumfaa mchoraji kuliko yenye viini vingi vya polepole, jambo ambalo wauzaji wa mashine mjini hawalitaji mara nyingi.

RAM ina shida ya aina nyingine. Zamu ya prosesa inaweza kunyang'anywa na kurudishwa mara nyingi katika sekunde moja, lakini nafasi ya RAM hukaliwa. Mashine ya gigabaiti 8 ikiwa imefungua mchoro mzito wa mgodi wenye nukta nyingi za upimaji, pamoja na kivinjari chenye vichupo thelathini, itajaa, na Windows itaanza kuhamishia sehemu ya vitu hivyo kwenye diski, katika faili iitwayo pagefile.sys. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kadhaa kufikia kitu kimoja, wakati RAM huhesabu kwa nanosekunde, hivyo tofauti ni ya makumi ya maelfu. Inasikitisha kuona mtu akifunga huduma ndogo za megabaiti tatu tatu na kukiacha kivinjari, eti kwa sababu kivinjari kina dirisha linaloonekana.

Lakini mkanganyiko unaoniudhi kuliko yote ni ule wa antivirusi kuitwa mchakato wa nyuma. Inapochunguza diski nzima kwa ratiba yake, jina hilo linaifaa. Inapokagua faili wakati zinafunguliwa, imesimama mbele kabisa ya AutoCAD, kama mlinzi wa mlango wa mgodi anayefungua kila mfuko kabla ya mwenye mfuko kupita. Mchoro mmoja wa jengo unaweza kuita michoro mingine iliyounganishwa nao, fonti na picha, na kila faili huweza kukaguliwa kabla AutoCAD haijaruhusiwa kuisoma. Dawa yake si kuizima antivirusi, hasa katika mji ambao michoro inazunguka kwa flashi kutoka ofisi hadi kwenye maduka ya kuchapisha. Inatosha kuzikagua flashi kwanza, kisha kuliondoa folda la miradi peke yake katika ukaguzi wa papo kwa papo.

Tena, virusi vyenyewe havilazimiki kuonekana kama mchakato wa nyuma. Mwaka 2012 kampuni ya antivirusi ya ESET ilieleza juu ya ACAD/Medre.A, kirusi kilichoenea hasa nchini Peru, ambacho kiliandikwa kwa AutoLISP, lugha ya programu iliyomo ndani ya AutoCAD, na kuituma michoro ya watu kwa barua pepe hadi kwenye anwani zilizokuwa China. Kiliendeshwa na AutoCAD yenyewe mchoro ulipofunguliwa, kwa hiyo aliyetafuta jina geni katika orodha ya michakato angeweza kupita hapo bila kushtuka.

Ipo hali ambapo lawama ya kawaida ina haki yake, na hapa kwetu si ya nadra. Mashine zinakaa siku kadhaa bila intaneti, na usiku zinazimwa kwa ajili ya umeme, wakati Windows imepanga matengenezo yake ya kawaida yafanyike saa nane usiku; yakikosa muda huo, hungoja mashine ikae bila kuguswa, hata ikiwa ni saa ya chakula cha mchana. Kisha mtu ananunua mega, yaani kifurushi cha intaneti, anaiunganisha mashine na simu yake, na masasisho ya Windows, ya antivirusi na ya programu nyingine yanaanza kwa pamoja. Kwenye diski ya kuzunguka, mchoraji ataona tofauti mara moja. Kuuweka muunganisho huo wa simu kama connexion limitée huzuia sehemu kubwa ya masasisho hayo hadi utakapokuwa tayari, na huokoa mega pia.

Basi anayesema “kuna programu nyuma” katika saa hiyo ya mega amesema kweli. Lakini kompyuta ya kubebeka ikipungua kasi mara tu umeme unapokatika, huenda prosesa imejipunguza yenyewe ili kuhifadhi betri, na hakuna mchakato wa kufungwa. Na ikiwa uzi mmoja wa prosesa umejaa wakati diski imetulia na RAM ina nafasi, mzigo uko ndani ya mchoro wenyewe, katika bloku zisizotumika na mistari iliyolaliana, na hapo amri za AutoCAD za kuviondoa, PURGE na OVERKILL, zitasaidia kuliko Gestionnaire des tâches.